Paka Aliyehamia Ndani ya Kochi

Mwezi uliopita nilikwenda Goba kumsaidia mama kubadilisha vitambaa vya makochi. Fundi alilipindua uani lile kubwa la watu watatu, akachana kitambaa cheusi cha chini, vitu vikaanza kumwagika: vichwa vya dagaa vilivyokauka, mfuniko wa kalamu, utepe wangu wa nywele, na manyoya meupe ya kujaza kiganja. Fundi akaniangalia kama mtu aliyegundua siri ya nyumba.

"Dada, humu ndani alikuwa anaishi nani?"

Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele. Alicheka mpaka ungo ukataka kumponyoka. Mie nikakaa kwenye ngazi, na pale pale nikawa na miaka tisa.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka ule paka mmoja jike alijificha kwenye stoo ya chaki pale shuleni kwao. Alikuwa mweupe mwenye mabaka ya kijivu, sikio moja limechanika, mkia umebaki nusu, na watoto walikuwa wakimrushia mawe kila mapumziko. Mwalimu mkuu akatoa amri: mlinzi amtie kwenye gunia, akamtupe mbali. Mama alisikia maneno hayo kwenye chumba cha walimu. Alimaliza kusahihisha madaftari, akaenda stoo, akamwingiza paka kwenye boksi, akalifunga kwa kanga na kuja nalo nyumbani, mikono imekwaruzwa mpaka kwenye viwiko. Tukampa paka jina la Chaki.

Baba alikuwa karani, mtu wa bara, na kwao paka alikuwa na kazi moja tu, panya, na makazi yake yalikuwa ghalani. Alilitazama boksi kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyomwita mama, "nyumba hii ina watu watano na choo kimoja. Unaniletea wa sita?"

"Hatakupangia foleni," mama akajibu.

Wakabishana kidogo chumbani, kisha baba akatoka na hukumu. Paka anapewa wiki moja. Akionekana ni mnyama wa kuishi na watu, atabaki. Asipoonekana, Jumamosi anarudi alikotoka. Na alikotoka sote tulijua kuna gunia linamsubiri.

Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alisema hilo si tatizo, yeye anawajua paka. Paka mgeni lazima azungushwe mara saba ili asahau njia ya kurudi. Akalikumbatia boksi katikati ya sebule na kuanza kuzunguka, akihesabu kwa lugha ya kwao. Kwenye mzunguko wa tano kizunguzungu kilimpata yeye mwenyewe. Shangazi, mdogo wake baba, akamdaka kiunoni, wakamalizia miwili iliyobaki pamoja kama watu wanaocheza muziki. Boksi lilipofunguliwa, Chaki alitoka kama mlevi, akaugonga mguu wa meza, akatapika kwenye ndara za baba, kisha akaona mpasuko mdogo chini ya kochi kubwa. Akaingia humo. Na hakutoka.

Goba ya wakati ule ilikuwa vilima na nyumba nusu nusu. Asubuhi uliamshwa na nyundo za mafundi, na boza la maji lilipanda mlima wetu likiguna kama mzee anayeinuka kwenye kiti. Kati yetu na jirani palikuwa na ua wa michongoma wenye tundu la kupita mtu mmoja, nami ndimi niliyelitumia kuliko wote, maana upande wa pili kulikuwa na duka. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiarabu ambaye ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara tangu babu na babu. Duka lake lilinukia iliki na sabuni ya mche, na paka zake wanne walilala juu ya magunia ya maharage kama wamiliki. Kila asubuhi nilipofuata maandazi, nilitoa ripoti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Katoka?"

"Bado."

"Mmemzungusha, masikini ya Mungu! Wewe ungezungushwa hivyo, ungetoka?"

Akanifundisha. Tusimvute, wala tusimchungulie kwa tochi. Chakula kiwekwe mahali pale pale, saa ile ile. Na mtu mmoja akae karibu yake kila siku, azungumze, mpaka paka aizoee sauti.

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Paka hachagui mada."

Basi kila nilipotoka shule nilimaliza kufagia uwanja, nikaweka dagaa kwenye kisahani, nikalala kifudifudi mbele ya kochi na kumsomea Chaki daftari langu la sayansi. Tulikuwa kwenye mada ya mmeng'enyo wa chakula. "Mmeng'enyo wa chakula huanzia mdomoni," nilisoma, na ndani ya kochi kukawa na kimya cha mtu anayesikiliza. Nilipofika kwenye utumbo mpana nilirudia mwanzo. Baba alirudi kazini akanikuta hivyo.

"Mtoto wangu anasomea kochi," alimwambia bibi.

"Muache," bibi akasema. "Kochi linasikia kuliko wewe ulipokuwa mdogo."

Dagaa waliisha kila siku, lakini hatukumwona anayewala. Tulichopata ni sauti. Baba alipokuwa akitazama taarifa ya habari na kunyoosha miguu, kochi liliguna. Siku ya tatu alihamia kwenye kiti cha plastiki, akadai ni kwa ajili ya mgongo. Soksi yake moja ikapotea, na mama akamkataza kuitafuta chini ya kochi.

Alhamisi, nikiwa kwenye tumbo la chakula, mguu mmoja mweupe ulitoka kwenye mpasuko, ukagusa ukingo wa daftari, ukarudi. Nikaendelea kusoma. Nilimwambia mwenye duka peke yake, naye akanipa andazi la bure kwa furaha.

Ikafika Jumamosi. Siku hiyo hiyo, bila mtu yeyote kupanga, wageni walikuwa wanakuja kuleta posa ya shangazi. Shangazi alikuwa muuguzi, mtaratibu, na bibi alikuwa ameanza kumwombea mume kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Tangu asubuhi nyumba ilinukia pilau na sambusa. Shangazi alipiga pasi mapazia, kisha akapiga pasi tena. Na nyuma ya mlango wa jikoni, boksi lilikuwa tayari. Mama alijaribu kuomba siku mbili zaidi, baba akasema, "Wageni kwanza. Wakiondoka, naye anaondoka." Nililia chooni, nikanawa uso, nikavaa gauni langu la sikukuu.

Walikuja wawili: mshenga, mzee mnene wa suti ya kahawia, na mama mmoja mrefu, shangazi wa bwana harusi mtarajiwa. Kabla hatujasema neno, bibi akawaonyesha mahali pa heshima.

"Karibuni kochi kubwa."

Mama na mie tukatazamana. Kochi likabonyea. Mshenga akasafisha koo na kuanza kwa maneno ya mzunguko, kama desturi inavyotaka.

"Sisi tulikuwa wapita njia. Tukaona ua zuri limechanua kwenye bustani yenu..."

"Mmmmh," likasema kochi.

Mshenga akamtazama bibi. "Mama, kama kuna neno, ni vyema tulisikie."

"Mimi sijasema kitu," bibi akajibu, naye amekasirika kidogo.

Mshenga akajifuta jasho, akaanza upya na lile ua. Katika kujiweka sawa, kisigino chake kikapiga kitambaa cha chini. Mkono mweupe ukachomoka na kushika pindo la suruali. Mzee yule mnene aliruka, naapa, kama kijana wa mpira, na sahani ya sambusa ikaruka naye.

"Mungu wangu! Kochi limenishika!"

Yule mama mrefu alishasimama na mkoba wake kwapani. "Nilikwambia tuulizie kwanza habari za nyumba hii!"

Shangazi, ambaye kwa desturi alipaswa kukaa chumbani asionekane, akatokea mlangoni machozi yanamtoka. Nikaona mambo mawili yakiharibika kwa pamoja, harusi na paka, na nilijua dawa moja tu. Nikalala kifudifudi sakafuni na gauni langu la sikukuu, nikasema kwa sauti, "Mmeng'enyo wa chakula huanzia mdomoni."

"Na mtoto naye!" akalia yule mama mrefu.

Niliendelea. Nilipita koo, nikapita tumbo, nikafika kwenye utumbo mwembamba. Ndevu zikatokeza kwenye mpasuko, kisha pua, kisha Chaki mzima, vumbi tupu, soksi ya baba imenasa kwenye kucha. Aliikung'uta, akanusa sambusa iliyoanguka, akala nyama, akaacha ganda. Halafu akakaa katikati ya sebule, mbele ya watu wote, na kuanza kujilamba.

"Huyu ni nani?" mshenga akauliza.

Sote tukamgeukia baba. Mama alimtazama kwa jicho lile la ubaoni. Baba akakohoa.

"Huyo ni wa hapa nyumbani," alisema. "Ni mwoga kidogo kwa wageni."

Mshenga alicheka mpaka akakaa chini, safari hii kwenye kiti cha plastiki. "Basi kama paka tu mnamlea kwa masomo," alisema, "huyo binti tunamtaka leo leo."

Jioni ile bibi alilichana boksi, akawashia mkaa. Mpaka anarudi bara alisimulia kwamba paka alitulia kwa sababu ya kuzungushwa.

Chaki aliishi nasi miaka mingi. Alilala juu ya nguo zilizopigwa pasi na kuwakagua mafundi wote walioingia. Shangazi aliolewa Gongo la Mboto, wanawe sasa ni wakubwa. Bibi amelala kwao bara. Ua wa michongoma uling'olewa, ukajengwa ukuta wenye vipande vya chupa juu, na duka likawa geti. Jirani wa siku hizi namjua kwa honi ya gari lake. Ukipata mgeni wa kumzoesha nyumba leo, unauliza simu. Baba naye hatunaye.

Chaki alikufa kwa uzee nikiwa likizo kutoka chuoni. Baba alimzika mwenyewe nyuma ya jiko, akakataa kusaidiwa, akasema jembe ni moja. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida. Saa sita mchana tukamwona anarudi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake yote. Alisema amesahau miwani, akaketi sebuleni. Mama akampelekea chai. Miwani alikuwa ameivaa, na hakuna aliyemwambia.