Kochi la Studio

Mwaka 1979 Yugu alikimbia vita hadi Zaire na mkewe Kiden. Huko alimzika. Akarudi kwao Midia peke yake, mvi kichwani, mfukoni picha ndogo ya Kiden ya siku za usichana. Mpiga picha wa Arua akampiga Yugu picha kwenye kochi la studio, akaikuza ile ya Kiden, akaikata kwa wembe na kuibandika ubavuni pake. Kochi lenyewe Kiden hakulijua hata kwa ndoto! Yugu akaitundika picha hiyo ya wawili ukutani, moyo ukatulia.

Wageni walioiona wakaanza kumsifia “binti yake”. Mwanzoni aliwafokea: “Ni mke wangu!” Jana mchuuzi wa Vurra, kikombe cha chai mkononi, akauliza, “Mzee, binti yako iko wapi sasa?”

Yugu aliitazama picha.

“Iko Zaire,” akasema. “Bado hajarudi.”