Baba Alipolishwa kwa Mpira

Baba yangu alipatwa na kiharusi kule Sibwesa, asubuhi, akiwa zizini anakagua ndama. Tulimleta hospitali Mpanda mjini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea, lakini kilichotutisha zaidi ni kwamba alishindwa kumeza. Hata maji ya kijiko yalimpalia, akakohoa mpaka akaishiwa nguvu.

Nesi alitueleza kwamba chakula kingeweza kuingia kwenye mapafu, kwa hiyo baba angewekewa mpira wa kupitishia chakula. Aliupima ule mpira mwembamba kutoka puani hadi sikioni, kisha kushuka mpaka chini ya kifua. Akaupaka mafuta, akaupitisha puani polepole. Baba alifumba macho, machozi yakamtiririka. Nesi akavuta maji kidogo ya tumboni kwa bomba la sindano, akayapima kwa kikaratasi, akaridhika kwamba mpira umefika tumboni. Kisha akaubandika kwa plasta.

Mama alijifunza haraka. Alimketisha baba, akauchuja uji kwa kitambaa safi, akachomeka bomba lisilo na sindano kwenye mpira na kuliinua; uji ukashuka wenyewe taratibu. Na kwa kuwa baba hakuonja chochote, alimweleza: "Huu wa ulezi. Nimetia maziwa." Baba aliitikia kwa kichwa.

Siku moja walikuja wafugaji wenzake, watu waliohama naye na ng'ombe kutoka kaskazini. Walimkuta akilishwa. Salamu zikakatika, mmoja akawa anatazama dirishani. Walipotoka tu, baba akaushika mpira kwa mkono wake mzima, akauvuta wote.

Nesi hakufoka. "Babu, tuuweke tena?"

"Niacheni nyie," baba alisema, ulimi ukiwa mzito. "Mimi si mtoto wa kulishwa mbele za watu."

Nilitaka kumsihi, mama akanishika mkono ninyamaze. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mzee, ndama akifiwa na mama yake, huwa unamfanyaje?"

Baba akageuzia uso ukutani.

"Nakuuliza wewe."

"Namnywesha kwa chupa."

"Hata wageni wakiwepo?"

"Hata wakiwepo."

"Unamwonea aibu?"

Baba akamgeuzia nesi uso. "Haya, njoo. Ila pitisha tundu la pili, hili linauma."

Mama akacheka, na mimi nikapata nafasi ya kufuta macho.

Aliporuhusiwa, tulikaa naye kwangu Ilembo, palepale mjini, na mpira wake. Wafugaji wale walirudi. Safari hii mama hakusubiri waondoke. Alimlisha huku akiwauliza habari za malisho, na mmoja wao akaomba amshikie bomba. Baba akamwachia.

Kumeza kulirudi kidogokidogo. Hospitalini walimjaribu kwa uji mzito, kijiko kimoja, kisha kingine, huku nesi akimgusa koo kuona kama anameza. Haukumpalia. Mpira ulipotolewa, baba aliomba auone. Aliushangaa urefu wake.

"Huu wote ulikuwa ndani yangu?"

"Wote, babu."

Mkono wa kushoto haujapona sawasawa. Lakini alirudi Sibwesa kabla ya mvua, akitembea na fimbo, na ndugu zangu wanasema anaamka kabla yao kwenda zizini.