Nilienda kujitolea Kibuyuni, nikamkuta mama yangu kwenye mstari wa wenyeji

Habari zenu wakuu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Ninayoyasimulia hapa ni kweli tupu. Mkionja chumvi humu ndani ni ya bahari, ilinikaukia mpaka masikioni.

Mimi ni first year, miaka kumi na tisa, kwenye campus moja ya Mombasa. Mama aliniita Bakari, campus wananiita Beka. Ukisikia darasa limetolewa nje kwa sababu kuna mtu ameigiza sauti ya lecturer, usiulize ni nani.

Wiki ya kwanza tuliambiwa tujitambulishe, kila mtu aseme kwao.

Kwetu ni Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na mwani karibu na Shimoni. Lakini mbele yangu alikuwa ameketi msichana ananukia vanila, na mdomo wangu ukajisemea wenyewe: "Diani."

Akageuka. "Diani wapi?"

"Beach iko nyuma ya nyumba. Baba yuko kwenye mambo ya hoteli."

Wakuu, kitaalamu sikudanganya. Baba yuko hoteli moja ya Diani kweli. Ni askari wa geti. Na nyuma ya nyumba yetu kuna bahari, nayo ni hiyo hiyo moja.

Msichana mwenyewe alihama kozi wiki ya pili. Uongo ukabaki na mimi. Nikawa Beka wa Diani, nikanunua na miwani ya jua.

Sasa, kuna club ya wanafunzi wanaojitolea. Mimi nilikuwa nawacheka. Watu wanane wanashika mche mmoja wa mti ili wapigwe picha, mche wenyewe unapata presha.

Ila rafiki yangu Oti, jamaa wa Kisumu, akaniita pembeni. "Buda, wanapeana tisheti, pilau na cheti. Ukitafuta nafasi ya attachment kazini na hicho cheti, unapita tu."

Kwa pilau nilijiunga siku hiyo hiyo.

Chair wetu ni Mercy, third year kutoka Nyeri, mtu wa daftari. Sijawahi kumchekesha, na si kwamba sijajaribu. Siku ya mkutano wa kupanga safari mimi nilikuwa nimelala. Nilisikia tu South Coast, nikajua ni kuokota plastiki Diani.

Basi likafika Ukunda, njia panda ya Diani. Nikasimama mbele kama guide, miwani usoni. "Dereva, kata kushoto hapo."

Dereva akanyoosha.

Tukapita Mwabungo. Tukapita Gazi. Tulipoipita Msambweni mate yakawa yameniisha.

"Mercy, kwani tunaenda wapi?"

"Kibuyuni, kwa akina mama wa mwani. Wewe husomi group?"

Nikarudi kwenye kiti cha nyuma kabisa, nikainama.

Nikiri jambo hapa. Tangu niripoti campus, miezi mitatu, nilikuwa sijakanyaga nyumbani. Ni kuvuka feri tu na saa mbili za barabara. Mama akipiga simu anauliza, "Utakuja lini, mwanangu?" Mimi najibu, "Masomo, mama." Masomo yenyewe ni kulala.

Tukafika. Akina mama wamejipanga na leso zao kutupokea. Mwisho wa mstari, juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameketi mama yangu mzazi. Mguu wake wa kulia umefungwa kitambaa.

Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Wakuu, aliyekuzaa hazuiwi na miwani.

Mstari ukasogea, tunawapa mikono mmoja mmoja. Zamu yangu ikafika. Nyuma yangu yuko Oti, nyuma ya Oti yuko Mercy na daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Diani," nikasema.

Mama akaitazama miwani, akashuka mpaka kwenye viatu, akarudi kwenye miwani.

"Diani! Kwema huko? Pole kwa safari, baba. Karibu mgeni."

Akanishika kwa mikono miwili kama mtu wa kutoka wizarani.

Kando yake alikuwa Bi Mwanasiti, mwenyekiti wa kikundi na jirani yetu, aliyeniogesha mimi nikiwa mchanga. Alikuwa ameshafungua mdomo. Mama akambonyeza paja. Bi Mwanasiti akajitia pindo la leso mdomoni, mabega yakawa yanarukaruka.

Ningetukanwa ningeona nafuu.

Kisha Bi Mwanasiti akajikaza, akatueleza kazi. Na hapo mzaha ukanitoka.

"Huyu mwenzetu alichomwa na taa, yule samaki wa mwiba mkiani. Bamvua mbili hajaingia majini."

Kwa msiojua, bamvua ni zile siku chache ambazo bahari inakimbia mbali na mashamba ya mwani yanafikika kwa miguu. Zikipita, unangoja nyingine.

"Sheria tulijiwekea wenyewe," akaendelea. "Shamba likikaa bamvua tatu bila mbegu, anapewa mwengine anayengoja. Hii ni ya tatu, na leo ndiyo siku ya mwisho. Mimi siwezi kumpendelea jirani yangu, na kila mmoja hapa ana kamba zake. Za huyu ni thelathini, na maji yaanza kurudi kabla ya adhuhuri. Mwasema mwataka kazi. Kazi ndiyo hiyo."

Lile shamba ndilo lililonivalisha sare tangu nasari. Na kwenye simu kila nikiuliza, "Mama, u mzima?" alijibu, "Mzima, soma."

Tukaingia, maji ya magotini. Kila kamba imenyooshwa kati ya vigingi viwili, na kazi ni kuning'iniza vipande vya mbegu kwa vikamba vidogo. Ukilegeza, mawimbi yanabeba. Ukikaza, shina linakatika.

Oti akafunga mbegu kama kamba za viatu, na ua juu. Mercy alikuwa amechora fundo kwenye daftari, daftari likaanguka majini. Watu walijituma kweli, siwasingizii, lakini ukitazama nyuma unaona mbegu zinaelea zikienda zake Tanzania.

Na mimi? Nilikuwa nafunga kama mtalii. Polepole, ulimi nje. Kwa sababu nikifunga vile ninavyojua, watauliza nimejulia wapi.

Saa moja na nusu ikapita, kamba saba.

Nikageuka kutazama ufukweni. Mama ameinuka kwenye ndoo, amesimama kwa mguu mmoja, mkono kwenye paji la uso. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mbegu zinazoelea.

Wakuu, nikavua miwani nikaitia mfukoni.

"Acheni! Acheni wote! Mwaniulia shamba!"

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mama. Safari hii sikuiigiza.

Nikashika kamba. Zungusha, pitisha, vuta, na uache nafasi ya kidole kidogo. Nilianza kazi hii nikiwa na miaka sita, na niliichukia kila siku, lakini vidole havikuwa vimeulizwa. Nikafunga mbegu kumi kabla Oti hajafumba mdomo.

"Beka, umejulia wapi?" Mercy akauliza.

"Yule mama wa ndoo ni mama yangu."

Mercy akageuka kutazama ufukweni.

"Na hoteli?" Oti akauliza.

"Baba ni askari wa geti."

Oti akaketi majini, suruali na kila kitu. "Bro! Si mimi matha anauza dagaa wa omena sokoni? Nilikuambia ni mwalimu sababu wewe ni wa Diani!"

"Hadithi baadaye," Mercy akasema, analikung'uta daftari. "Maji yanarudi. Wewe, tuonyeshe fundo tena."

Nikawapanga wawili wawili: mmoja anashika mbegu, mmoja anafunga. Mercy alilishika fundo mara moja, akawa ananishinda kukagua. Oti akapewa kubeba magunia ya mbegu, kwa usalama wa mbegu.

Maji yakafika mapajani. Kamba kumi na tisa.

Yakafika kiunoni. Ishirini na sita. Sasa unafunga kwa kupapasa, chumvi machoni, na Bi Mwanasiti anapiga kelele ufukweni, "Tokeni! Wana wa watu nyinyi, tokeni!"

Tukatoka zikiwa zimebaki mbili. Sheria haikusema kitu kuhusu ishirini na nane.

Bi Mwanasiti akatazama bahari, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Nilisema shamba lisilo na mbegu," akasema. "Lile pale lina mbegu. Hizo mbili Bakari atakuja kuzifunga bamvua ijayo. Au bado ni wa Diani?"

Akina mama wakaangua kicheko cha asubuhi nzima, walikuwa wamekizuia tangu mstarini.

Chakula kikaja. Wali wa nazi, samaki, mchicha. Mama akapakua mwenyewe, ameketi kwenye ndoo yake, anauliza kila mmoja jina na kwao. Oti akasema mama yake anauza omena. Mama akamwongezea kipande.

Nikafika mimi, sahani mkononi. Nilikuwa nimetunga msamaha mzuri wenye mistari mitatu.

"Mama, nisamehe kwa…"

"Wageni wamekwisha kula," akasema. "Wewe ni wa hapa. Sufuria zile pale, anza kuziloweka. Ukoko nimekuwekea."

Wakuu, sijawahi kula ukoko mtamu kama ule.

Mercy sasa amebandika siku za bamvua kwenye ubao wa club, na safari zetu zinafuata maji, si Jumamosi. Bamvua iliyofuata tulienda kumi na tano. Zile kamba mbili nilizifunga mimi, na mama akaingia majini kwa mguu wake mwenyewe, anachechemea, ananikosoa.

Nilichojifunza: kabla hujaenda kusaidia jamii, piga simu nyumbani. Na ukiambiwa "mzima", uliza tena.

Mwisho wa muhula vyeti vikatolewa. Oti amepata. Hata dereva wa basi amepata. Mimi Mercy akanirudisha.

"Ile haikuwa kujitolea," akasema. "Ile ilikuwa kazi ya nyumbani uliyochelewesha."

Na akacheka. Mercy! Nina mashahidi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu amewahi kukaribishwa kwao kama mgeni? Ungameni tu, mimi nimeshatangulia.