Ukuta wa Mzee Liang

Harufu ya rangi mbichi ya ukutani hunirudisha Doha, nina miaka tisa, nimekalia debe tupu nikimtazama baba. Tangu niache shule nimehama miji mingi, na kila nikipita nyumba inayopakwa rangi husimama mlangoni kama niliyeitwa.

Baba alikuwa fundi rangi kutoka Tanga. Alipenda kusema, "Ukuta mzuri haupigi domo."

Jirani yetu, Mzee Liang, alikuwa Mchina aliyekuja kushona mapazia ya mahoteli zamani, Wachina wakiwa bado wa kuhesabu Doha nzima. Kila Ijumaa alipanda basi hadi Umm Salal, akakaa kando ya mashamba na kuchora kwa wino: mitende mitatu, mgongo wa mchanga, ukungu wa asubuhi. Nusu ya karatasi aliiacha tupu. Nilimuuliza mbona hamalizi.

"Hapo ndipo ulipo ukungu," alinijibu.

Baba, ambaye kwake sehemu isiyopakwa ni aibu, alikohoa tu.

Mwaka mmoja hoteli moja ikamkubalia Mzee Liang atundike picha saba ukumbini, na baba akapewa kazi ya ukuta. Aliupaka nyeupe kali, ile aliyoiita nyeupe ya sikukuu. Picha zilitundikwa alasiri. Wageni wangefika baada ya magharibi. Mzee Liang alirudi nyuma hatua chache, akatazama, kisha akaanza kuzishusha mojamoja. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpa ukuta, na sasa anaukataa.

"Kulikoni, mzee?" baba aliuliza kwa Kiarabu chao cha mtaani.

"Nazirudisha nyumbani."

Nikasema, "Baba, karatasi zinaonekana kama shuka lisilofuliwa."

"Na wewe na mdomo wako." Lakini alichukua kipande cha karatasi ya kuchorea ya mzee, akakishikilia ukutani. Kweli, kando ya weupe ule ukungu ulikuwa umegeuka uchafu.

Akafungua ndoo, akatia tone la manjano, tone la kahawia, akapaka kidogo pembeni ya kipande.

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, baba."

"Mtoto huyu atanifukuzisha kazi."

Mara ya nne sikuona tena karatasi inaishia wapi. Akapaka ukuta mzima upya, na picha ya saba ilipanda wageni wakishuka kwenye magari.

Waliusifu ukungu jioni nzima. Ukuta hakuna aliyeutaja, nami nikanuna. Ndipo Mzee Liang akamshika mkono baba, ambaye viatu vyake vilijaa matone ya rangi, akawaambia wale waungwana, "Mitende nimechora mimi. Ukungu ni wa huyu."

Nilidhani ni adabu ya Kichina tu. Imenichukua miaka na kuta nyingi za watu kujua kwamba mzee alisema kweli tupu. Na aliyekuwa akisema "bado" ni mimi.