Simu Iliyosema Kabla ya Wakati

Saa mbili asubuhi, sokoni Mangobo, mjini Kisangani, Rachida Amuri anamkabidhi Mama Simone simu, kisha anasogea kando amtazame akiijaribu.

Simone ni mchuuzi wa samaki kutoka Yanonge, chini ya Kisangani mtoni, na hajui kusoma. Kwa ajili ya watu kama yeye, Rachida, fundi simu mwenye miaka ishirini na saba, alitengeneza programu inayotaja kwa sauti jina la boti pale orodha ya boti, unayoisukuma kwa kidole, inapotulia kwenye kioo. Ukibonyeza, mzigo wako umeshapata nafasi kwenye boti hiyo.

Mambo yalikwenda vizuri hadi wiki iliyopita. Simone alisikia "Boboto", boti inayopanda mto kwenda Kisangani, akabonyeza. Kumbe orodha ilikuwa bado inateleza, na kidole kikaangukia "Lisalisi", inayoteremka mto kwenda Isangi. Vikapu vyake vikapakiwa huko, samaki wakaoza kabla ya kurudi.

"Telefone yako ilinidanganya," anasema Simone bila kuzunguka. "Leo ikisema tena bongo, ikidanganya tena, mi naacha. Na bamama yote ya Yanonge banaacha."

Si vitisho vya bure. Wanawake wale humfuata Simone. Akikataa yeye, kazi ya mwaka mzima inakwenda na maji. Rachida hajapata usingizi wa maana tangu siku ile.

Kosa alilibaini alipomtazama Simone akiwa kazini. "Mi nilijaribu na kidole kavu, polepole," Rachida anamweleza Chimène, binti wa Simone, aliyekuja na mama yake. "Mama iko na mukono ya samaki. Anasukuma liste kwa nguvu, anaondoa kidole mbio, ili magamba isishike kioo. Mashini iliona kidole imetoka, ikafikiri, bon, liste imesimama."

Sasa programu haitegemei kidole. Inayatazama majina yenyewe: maadamu yanasogea, inanyamaza, na hata ukibonyeza haikubali.

Simone anasukuma. Majina yanakimbia. Simu haisemi. Majina yanapunguza mwendo, yanasimama.

"Boboto," inasema simu.

Simone habonyezi. Anamgeuzia Chimène kioo. "Soma."

"Boboto, mama."

Ndipo anabonyeza, kwa ajili ya samaki wa Ijumaa. Hacheki.

Rachida anatamani siku moja programu ifike hadi Banalia, mbali kaskazini, lakini leo hathubutu kuwaza mbali. "Ijumaa nitakuwa pa bandari mbele boti ifike," anasema. "Nataka kuona ile bitunga ya samaki ikishushwa, na macho yangu."

Simone anajifuta mikono kwenye kitenge.

"Alors, kuja na beseni," anamwambia. "Samaki ikifika, utabeba ya kwako."