Kilio Alichokatazwa Mama

Nakumbuka asubuhi moja ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa, mimi na kaka yangu Okoth tukasukuma mtumbwi kutoka ufuo wetu wa Rusinga kwenda kukokota ndoano. Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu juzi niliwaona vijana wakipita polepole na boti ya injini, mishipi ikiwafuata nyuma, na hakuna aliyekuwa akicheka. Nikajua hawatafuti samaki. Wanaotafuta mbuta hucheka sana.

Kukokota si kazi ya nguvu. Mmoja anapiga kasia taratibu, mwingine anashika mshipi, na huko nyuma chambo kinametameta majini kama kisamaki kilichoumia, mpaka mbuta adanganyike. Chambo cha Okoth kilikuwa cha bati. Alikifua mwenyewe kutoka kwenye kijiko cha Mama, na Mama alimgombeza kwa ajili ya kijiko hicho huku anacheka. Jumapili ile Okoth alikuwa aende Oyugis kwa wazazi wa msichana aliyempenda, na alitaka kufika na samaki ambaye watu wa huko wangemzungumzia mpaka mavuno.

Jua lilikuwa bado halijawa kali mshipi uliponasa. Samaki huvuta, akalegeza, akavuta tena. Huu ulikaza tu.

"Ukate," nikamwambia. "Utafua kingine."

"Na Jumapili niende na nini, na maneno matupu?"

Akavua shati, akalikunja vizuri kama mtu anayeingia kulala, akashuka majini akiufuata mshipi kwa mikono. Okoth alijua kuogelea kuliko sisi sote. Mshipi ukatikisika mkononi mwangu, ukatikisika tena, nikadhani anaing'oa ndoano. Kisha ukatulia. Niliruka. Nilizama hadi masikio yakaniuma, wala sikugusa chini. Wavuvi waliosikia kelele zangu walikuja, wakapiga mbizi, wakauvuta ule mshipi, na kilichopanda nao ni kipande cha wavu mkuukuu ulioachwa huko na wenyewe. Okoth hakuwemo.

Ziwa letu lina kawaida ya kumrudisha mtu. Humkalia siku kadhaa, kisha humleta penye matete. Okoth hakuletwa. Tulingoja mpaka wanaojua mambo ya maji wakaacha kutuangalia usoni. Ndipo wazee wakamjia Baba na kumkumbusha desturi yetu: mtu asipopatikana, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile tunda refu na zito kama mkono wa mtu mzima. Watu hulia juu yake, hunyolewa, na nyumba hupata kupumua. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuzaa tunda," akasema.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazee wale waliondoka bila kumlaumu. Lakini Baba hakuishia hapo. Alimwita Mama akamwambia mbele yangu, "Hapa hakuna matanga. Ukilia utakuwa umemzika. Usimzikie mtu mwanawe." Mwanangu, Baba hakuwa mtu mkali. Alikuwa amevunjika, na mtu aliyevunjika huwakata walio karibu naye.

Kwa hiyo Mama hakulia. Shangazi zetu walipofika kutoka Rongo wakiwa wameanza kuomboleza njiani, Baba aliwanyamazisha langoni. Waliingia kama wageni wa kawaida, na Mama akawapikia. Alikuwa akisonga ugali nami nikamwona ameuma ukingo wa leso yake kwa meno, mwiko ukiendelea kuzunguka. Nilitoka nje. Sikujua mwana humwambia nini mama aliyekatazwa kulia.

Kila asubuhi Baba aliniamsha tukaenda kukokota. Mimi napiga kasia, yeye anashika mshipi uliofungwa ndoano nzito, macho yake nyuma. Asubuhi moja mshipi ulivuta kweli. Uso wake ulibadilika. Sijawahi kuuona uso wa namna ile tangu siku hiyo, na sitamani kuuona. Alivuta kwa mikono yote miwili akiita jina la mwanawe kwa sauti ndogo, nami nikasimama ingawa mtumbwi ulikuwa unayumba. Akapanda mbuta mkubwa, mweupe wa tumbo, mkubwa kuliko yule ambaye Okoth angempeleka Oyugis. Baba alimtazama. Akachukua kisu, akaukata mshipi, akamwacha aende na ndoano yake. Kisha akakaa chini ndani ya mtumbwi, na mimi nikageuza kurudi nyumbani.

Bibi yetu, tuliyemwita Dani, alikuwa ufuoni akigeuza dagaa wa omena juani. Alikuwa mama mzazi wa Baba, ameshapinda mgongo.

"Unatafuta nini huko kila siku?" akamuuliza.

"Mwanangu."

"Na yule aliye jikoni ni wa nani?"

Baba akainama kuufunga mtumbwi.

"Ziwa limekunyima mmoja," Dani akasema. "Huyu wa pili humzamishi ziwani, unamzamisha nyumbani. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wewe umeshindwa, mwanangu, hata mimi nimeshindwa. Mwache mwanamke alie."

Alisema bila kuinua sauti, mikono ikiendelea na omena. Baba alipita kama hakusikia. Kesho yake aliniamsha tena.

Mvua zikaja zikapita, kisha zikaja nyingine. Mama alianza kupoteza vitu vidogo. Alisahau chumvi, kisha akasahau jina la jirani, kisha akawa ananiita mimi Okoth, na nikawa naitika, maana kumsahihisha kulinishinda. Hatimaye siku moja tukitoka majini tulimkuta ameingia ziwani, maji yakimfika kiunoni, anaita kwamba chakula kinapoa. Baba alimbeba mpaka nchi kavu. Alimkalisha, akamkamua nguo, akamwangalia kwa muda mrefu. Halafu akapanda njia peke yake, na aliporudi alikuwa amebeba tunda la yago begani.

Tulimzika Okoth. Watu walijaa, nao Waadventista na Wakatoliki wakaimba kwa zamu. Tunda lilikuwa limefungwa shuka, na shati lake lililokunjwa likawekwa juu. Mama alisimama pembeni amevaa vizuri, mtulivu, akitazama umati kama aliyekuja kwa heshima ya majirani. Udongo wa kwanza ulipodondoka, Baba alianguka kwa magoti akalia kilio kilichokuwa kimekaa ndani yake muda wote huo. Wanaume wazima waligeuza nyuso.

Mama akamsogelea. Akainama, akamshika bega.

"Pole sana, mzee," akamwambia. "Alikuwa mtoto wenu?"

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuwahi kulia. Baba naye hakurudi ziwani. Alimlisha kwa mkono wake mpaka mwisho, na kila alipomlisha, Mama alimshukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Mwanangu, sina dawa ya kifo, na usimwamini anayekuuzia. Nilicho nacho ni haya machache. Msiba ukikufika, usimpangie mwenzako namna ya kuubeba. Mlie pamoja, hata kama huna mwili wa kuzika, hata kama moyo wako unakuambia bado. Aliyekwenda hana tena anachokihitaji kwako. Aliye jikoni anakuhitaji sasa, leo, kabla hajasahau jina lako. Kilio kina msimu wake kama mtama. Ukikizuia kwa nguvu, hakifi. Kinamla aliyezuiwa kulia.

Nenda salama. Nyasaye, Mungu wetu, akurudishe nchi kavu kila utokapo, awape wako wote kaburi la kuwekea maua. Na siku utakapolia, asikose mtu wa kukushika bega anayekujua jina.