Dola Niliyombandika Bibi wa Grenada

Niliondoka Roseville, karibu na Minneapolis, na binti yangu Neema kwa sababu moja: aone kwa macho yake kwamba ngoma na vigelegele si vituko vya mama yake tu. Ana miaka kumi na sita. Kiswahili anakielewa, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesikia kwamba katika visiwa vya Karibi wapo wanaocheza bado ngoma za mababu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Nikasema, safari hii ya meli itakuwa darasa. Mwalimu, bila shaka, mimi.

Theluji tukaiacha uwanja wa ndege wa Minneapolis, meli tukaipandia Puerto Rico. Baharini kazi yetu ilikuwa kula na kulala.

Asubuhi tuliyotia nanga Grenada, nilivaa kitenge changu cha harusini. Neema akanitazama juu hadi chini.

"Mama, please, don't do too much."

"Leo tunakwenda kwa ndugu zetu," nikamjibu. "Wewe tazama tu."

Basi la watalii lilipanda vilima vinavyonukia kungumanga, likatushusha kijijini, palipokuwa na shamba la miwa zamani. Kiongozi wetu alieleza habari za mahali pale. Niseme kweli, nilisikia nusunusu, nilikuwa najipiga picha.

Kisha bibi mmoja mwenye sketi nyeupe akanyunyiza maji ardhini, ngoma zikaanza, akaingia uwanjani peke yake. Mabega yale! Nilijiona niko Tabora harusini. Nikapiga kigelegele, nikachomoa dola, nikamwendea kwa madaha na kumbandika kwenye paji la uso. Kwetu mchezaji hodari hutunzwa hivyo, na asipotunzwa huona amedharauliwa.

Ngoma zikanyamaza. Bibi akaibandua ile noti taratibu, akaniwekea kiganjani.

"Mwanangu," alisema kwa Kiingereza cha kwao, "hapo uliposimama ndipo wazee wetu walipotiwa bei. Ngoma hii tunawachezea wao."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kueleza, kwetu ni heshima, kwetu hivi, kwetu vile. Nikapiga magoti, maana ndivyo nilivyolelewa kumwomba radhi mtu mzima.

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Alinishika viwiko haraka.

"Inuka, inuka! Hapa hatupigi magoti tena."

Watalii wenzangu walitazama viatu vyao. Neema alikuwa amenipa mgongo. Bibi akanyunyiza maji upya na ngoma ikaanza tangu mwanzo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeivunja. Niliitazama nikiwa nyuma ya watu wote, aibu imenijaa mpaka masikioni.

Njiani kurudi melini nilijitetea. "Ameelewa yule, Neema. Ndugu huelewana."

"Ndugu?" akauliza. "What's her name?"

Jina lake sikulijua.

Sasa tuko nyumbani, na wenzangu wa mji jirani wa Inver Grove Heights wananiuliza nilichojifunza huko. Nawaonesha picha, nyingi ni za sura yangu. Lililobaki nalieleza hapa, ingawa linanichoma. Neema akimpita mtu mzima bila kumwamkia, namgombeza siku nzima. Mimi nilivuka bahari kwenda kwa bibi yule, nikampa pesa, nikampigia magoti, na shikamoo sikumpa.